Kwa nini bondia fundi huzidiwa na mpiganaji asiyerudi nyuma

ZILIKUWA zimebaki sekunde mbili tu. Usiku wa Machi 17, 1990, katika hoteli ya Las Vegas Hilton nchini Marekani, Meldrick Taylor alikuwa anaongoza kwa pointi katika karatasi za majaji wawili kati ya watatu, dhidi ya Julio César Chávez wa Mexico. Ndipo mwamuzi Richard Steele alipopunga mikono kuashiria kuwa pambano limekwisha. Taylor, aliyekuwa ameangushwa na kuinuka, akatangazwa kushindwa kwa TKO katika raundi ya 12.

Tangu siku hiyo wapenzi wa ngumi wamekuwa wakibishana kuhusu sekunde hizo mbili. Hata hivyo, swali lenye uzito zaidi linahusu karibu dakika 36 zilizotangulia. Ilikuwaje bondia mwenye mikono yenye kasi zaidi, aliyetwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 1984, na ambaye ngumi zake zilimfikia mpinzani mara nyingi zaidi, afike mwisho wa pambano akiwa hajiwezi?

Jibu lake limo katika mtindo ambao watazamaji wengi huuona lakini wachache huuelewa: mtindo wa bondia anayesonga mbele raundi baada ya raundi bila kumpa mwenzake nafasi ya kupumua. Mbele ya macho ya mgeni, bondia wa namna hiyo hufanana na fahali aliyeghadhibika, mwenye nguvu nyingi na maarifa machache. Ukweli ni kwamba mabingwa wa mtindo huo hufanya kazi kwa hesabu, na kazi yao ni ile inayosemwa na wahenga kwamba bandu bandu huisha gogo.

Kitu cha kwanza wanachokinyang'anya ni nafasi. Ulingo wa ngumi za kulipwa huwa na pande zenye urefu wa kati ya futi 16 na 24. Bondia fundi huuhitaji uwanja huo wote, kwa kuwa silaha yake kubwa ni umbali. Hupiga akiwa mbali, akahama, kisha akapiga tena kutoka upande mwingine.

Mpiganaji asiye na ujuzi humfuata nyuma nyuma na kuchoka bure. Mwenye ujuzi hamfuati, bali hukata njia. Hufanya kama mtu anayemkamata kuku uani: hamkimbizi kuuzunguka uwanja, humzibia upande mmoja, kisha wa pili, hadi kuku ajikute kwenye pembe ya ukuta. Kwa kila hatua moja fupi ya pembeni anayopiga mshambuliaji, anayezunguka hulazimika kupiga mbili au tatu. Katika raundi ya pili tofauti hiyo haionekani, lakini kufikia raundi ya tisa miguu ya fundi huwa imekwisha kuilipa.

Kitu cha pili ni mwili. Kichwa hukwepa kwa urahisi, lakini kiwiliwili hakina pa kwenda. Ndiyo maana mabondia wa mtindo huu huanza na mbavu, tumbo na hasa ini, lililo upande wa kulia chini ya mbavu, ambalo hufikiwa na ngumi ya kupinda ya mkono wa kushoto. Chávez alisifika sana kwa ngumi hiyo. Makonde ya mwilini hayashangiliwi sana ukumbini, na mara nyingi majaji huvutiwa zaidi na yale yanayotua usoni. Lakini hayo ndiyo yanayokata pumzi, kuufanya mguu uwe mzito na kuishusha mikono iliyokuwa ikiulinda uso.

Kitu cha tatu ni muda wa kufikiri. Ufundi katika ngumi ni uchaguzi: kuona, kupima, kisha kuamua kupiga, kukwepa au kuhama. Mpinzani anapokuwa kifuani muda wote, uchaguzi huo hupungua. Fundi huanza kurusha ngumi ili kumzuia mwenzake asimfikie, na wala si kwa sababu ameona mwanya. Aidha, hupoteza haki ya kuchagua wakati wa kupumzika. Hata anapokumbatia ili apate nafuu, hujikuta akibeba uzito wa mtu anayeendelea kumsukuma.

Kuingia katika eneo la fundi bila kuumizwa nako ni ufundi. Mfano bora ni Joe Frazier, aliyekutana na Muhammad Ali kwa mara ya kwanza Machi 8, 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York. Ali alikuwa mrefu kuliko yeye na mwenye mikono mirefu zaidi. Frazier aliinama, akawa anayumbisha kichwa na mabega bila kukoma, ili ngumi nyoofu za Ali zipite juu au pembeni, kisha akainuka na ngumi ya kushoto.

Ali alipata ngumi nyingi safi usiku ule, lakini kila raundi ilivyopita alizidi kuegemea kamba na kucheza miguu kidogo. Katika raundi ya 15 ngumi ya kushoto ya Frazier ilimlaza chali. Ali aliinuka haraka na kumaliza pambano, lakini majaji wote walimpa ushindi Frazier. Huko kulikuwa kushindwa kwa mara ya kwanza kwa Ali katika ngumi za kulipwa.

Mambo hayo matatu yalionekana kwa pamoja katika pambano la Chávez na Taylor. Wote walikuwa mabingwa wa dunia wa uzito wa kilo 63.5, na hakuna aliyekuwa amewahi kushindwa. Chávez alikuwa na rekodi ya mapambano zaidi ya 60. Katika raundi za mwanzo Taylor alimpita kwa kasi. Alirusha ngumi tatu, nne au tano mfululizo kabla Mmexico huyo hajajibu moja.

Lakini mara nyingi alizirusha akiwa amesimama mbele ya mpinzani wake. Huo ulikuwa ujasiri aliokulia nao Philadelphia, mji wenye sifa ya kutoa mabondia wasiopenda kukimbia. Kwa kila ngumi nne au tano alizopiga, alipokea moja iliyokuwa nzito kuliko zote zake. Kufikia raundi za mwisho uso wake ulikuwa umevimba na kinywa kikivuja damu, huku karatasi za majaji zikimwonyesha kuwa mshindi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Ngumi hupimwa kwa vipimo viwili visivyolingana. Majaji hupima raundi moja moja, na kwa kawaida mshindi wa raundi hupata pointi 10 na mwenzake 9, ama ameshinda kwa kidogo ama kwa kingi. Raundi mpya ikianza, hesabu huanza upya. Mwili hauanzi upya. Konde la raundi ya tatu bado limo ndani ya mbavu katika raundi ya kumi. Mpiganaji anayesonga mbele anaweza kupoteza raundi sita za kwanza na bado akawa amefanya kazi aliyoikusudia.

Baada ya raundi 11, jaji mmoja alimpa Taylor pointi 107 kwa 102, wa pili 108 kwa 101, na wa tatu alimpa Chávez 105 kwa 104. Hata kama angepoteza raundi ya mwisho kwa pointi mbili kutokana na kuangushwa, Taylor angeshinda kwa majaji wawili. Alichohitaji ni kukaa mbali kwa dakika tatu. Badala yake, kona yake ilimhimiza aishinde raundi hiyo, naye akaingia kupigana.

Ngumi ya kulia ya Chávez ilimwangusha zikiwa zimebaki sekunde chache. Taylor aliinuka kwa kushikilia kamba. Mwamuzi alimuuliza mara mbili kama yuko sawa, lakini yeye aligeuza uso kuitazama kona yake wala hakujibu. Steele akalimaliza pambano, na baadaye akaeleza kuwa kazi yake haikuwa kuangalia saa bali kumwangalia bondia.

Hospitalini ilibainika kwamba mfupa wa uso wa Taylor ulikuwa umevunjika, alikuwa amemeza damu nyingi, na mkojo wake ulikuwa na damu. Ingawa mwaka 1991 alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu zaidi ya ule, kasi yake haikuwa ile ya awali. Waliporudiana na Chávez mwaka 1994, alishindwa katika raundi ya nane. Miaka iliyofuata, waliomsikia akihojiwa walishangazwa na jinsi matamshi yake yalivyokuwa yameharibika.

Je, fundi hana dawa? Anayo, na iliyo bora ilionyeshwa dhidi ya Chávez huyo huyo. Septemba 10, 1993, mjini San Antonio, Texas, alikutana na Pernell Whitaker, aliyekuwa mwenzake Taylor katika timu ya Olimpiki ya mwaka 1984 na mshindi wa dhahabu kama yeye. Whitaker, aliyekuwa akitumia mkono wa kushoto, hakukimbia wala hakusimama mahali pamoja. Alizunguka hatua fupi fupi, akamfunga mikono alipomkaribia, na zaidi ya yote akampiga mwilini yeye kwanza.

Majaji wawili walitoa sare ya 115 kwa 115 na wa tatu akampa Whitaker ushindi wa 115 kwa 113, hivyo pambano likahesabiwa sare. Uamuzi huo ulilaumiwa sana, kwani wengi waliona kuwa Whitaker ameshinda waziwazi. Muhimu zaidi ni kwamba baada ya raundi 12 ni Chávez aliyeonekana kukosa la kufanya.

Dawa nyingine ilionekana Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, Oktoba 30, 1974. George Foreman, aliyekuwa amemwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili mwaka uliotangulia, alijua kukata njia. Katika raundi ya kwanza tu Ali alitambua kwamba akiendelea kuzunguka, miguu yake itachoka kabla ya mikono ya Foreman. Akajiegemeza kwenye kamba, akajifunika, na kumwacha bingwa huyo arushe makonde mazito katika joto la usiku wa kitropiki.

Foreman alisukuma bila kupima. Kila ngumi ilikuwa ya kumaliza kazi, na haikumaliza. Katika raundi ya nane alikuwa amechoka, Ali akamwangusha kwa KO. Tofauti yake na Chávez ni kwamba yule Mmexico alirusha kidogo, akachagua, na akaweka akiba kwa ajili ya raundi za mwisho.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba anayesonga mbele hutoka salama. Ili apige lazima apite katika ngumi za mwenzake, na deni hilo huongezeka mwaka hadi mwaka. Oktoba 1, 1975, karibu na Manila, Ufilipino, Frazier alikutana na Ali kwa mara ya tatu. Baada ya raundi 14 alikuwa haoni vizuri, na mwalimu wake, Eddie Futch, alikataa kumruhusu atoke kwa raundi ya mwisho ingawa Frazier mwenyewe alitaka kuendelea. Ali, mshindi, alisema baadaye kwamba siku ile alikikaribia kifo.

Ikumbukwe pia kwamba mapambano ya ubingwa wa dunia yalikuwa ya raundi 15 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea Kusini, mshambuliaji asiyerudi nyuma, aliangushwa katika raundi ya 14 na Ray Mancini mjini Las Vegas, akafariki dunia siku chache baadaye. Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) likapunguza raundi hadi 12, na vyama vingine vikafuata.

Kupunguza raundi kulisaidia, lakini hakukuondoa hatari, kwa kuwa madhara ya mtindo huu hujikusanya polepole na kwa siri. Bondia anayeongoza kwa pointi ndiye asiyetazamwa kwa makini. Kona humhesabia raundi alizoshinda, mashabiki hushangilia kasi ya mikono yake, naye mwenyewe huamini kuwa mambo ni mazuri.

Ndiyo maana walimu wazoefu hutazama zaidi miguu kuliko karatasi ya pointi. Fundi aliyeacha kuzunguka, aliyeshusha kiwiko kuulinda ubavu, anayekumbatia mara kwa mara na kuvuta pumzi kwa kinywa, tayari ameanza kushindwa hata kama hakuna jaji aliyeliandika hilo. Wakati huo kona ina mawili ya kufanya: kumbadilishia mbinu, au kumtoa ulingoni angali anaweza kutembea mwenyewe.