Ukiandikiwa mlo, uliza unauzwa wapi

Leo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Asubuhi moja mama wa makamo anayeuza mboga kando ya Jogoo Road aliletwa katika zahanati ninamofanyia kazi, amelazwa juu ya mkokoteni uliokuwa umetoka kuteremsha viazi. Alikuwa amelowa jasho, mikono inamtetemeka, na maneno yake hayakueleweka. Wenzake wa sokoni walikuwa wamekwisha kukata kauli. Mmoja alisema ni kifafa, na mwingine akanong'ona kuwa mama alikuwa ametupiwa kitu.

Nilimdunga kidole na kupima sukari. Kipimo kilisoma 2.1, ilhali kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa hatutaki kishuke chini ya 4. Tulimtia glukosi mshipani, na baada ya dakika chache akaketi na kuuliza ni nani aliyebaki akimwangalilia mboga zake.

Nilipotaka kujua alikuwa amekula nini, alifungua fundo la leso akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Daktari, mimi nafuata ile karatasi yako," akasema.

Naam, ilikuwa yangu. Niliipata nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiitoa nakala na kumpa kila mgonjwa wa kisukari. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na bintiye ndiye aliyemsomea. Upande wa vyakula vilivyoruhusiwa palikuwa na matufaha, mkate wa ngano isiyokobolewa, maziwa yaliyoondolewa mafuta, samaki wa kuoka na kifua cha kuku kisicho na ngozi. Upande wa marufuku palikuwa na ugali, viazi, ndizi na chapati.

Mama huyo alinunua matufaha mara moja tu. Aliona kwamba pesa za matufaha mawili zingemnunulia sukuma wiki ya jamaa nzima. Basi akafanya alivyoweza: kilichokatazwa hakukila, na kilichoruhusiwa hakukipata. Kwa siku tatu alishinda kwa chai isiyo na sukari na kumeza dawa yake asubuhi na jioni bila kukosa. Dawa yenyewe, glibenklamidi, hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Sukari ilishuka hadi akaanguka.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa kwenye faili yake. Mwezi mmoja kabla ya hapo sukari yake ilikuwa juu, nami nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Mgonjwa hafuati masharti ya lishe." Alipoyafuata, nusura yamuue.

NANI HUMWONA MTAALAMU WA LISHE?

Pengine utauliza: kwa nini daktari agawe karatasi, na wataalamu wa lishe wapo? Ni kweli wapo. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 inayosimamia taaluma hiyo, na taasisi yake, KNDI, ndiyo inayowasajili na kuwapa leseni. Mtu ambaye hakusajiliwa haruhusiwi kujiita mtaalamu wa lishe.

Lakini hebu tuangalie ni nani anayeketi mbele yao. Katika vituo vya afya vya umma ninavyovijua huku Eastlands, mtaalamu wa lishe akiwapo, siku yake huishia kwa watoto waliodhoofika, akina mama waja wazito, na wagonjwa wa Ukimwi na kifua kikuu. Hiyo ni kazi ya kuokoa maisha na sitaki ipunguzwe. Ila mzee wa Makongeni mwenye shinikizo la damu, au mama wa Umoja mwenye kisukari, hupita mlangoni pake akielekea dirisha la dawa.

Vuka mji uende kwenye hospitali za kulipia. Huko mgonjwa huketi na mtaalamu nusu saa nzima, akaulizwa anachokipenda na asichokipenda, kisha akarudi baada ya wiki mbili kuangaliwa tena. Yule anayeweza kununua chakula chochote ndiye anayepewa muda. Yule ambaye kosa la shilingi hamsini litamlaza njaa hupewa karatasi. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na sisi wenye taaluma tumeishi methali hiyo bila kuona haya.

Upande wa pili wa dhuluma hii uko ndani ya taaluma yenyewe. Wapo vijana waliozaliwa katika mitaa hii, wakasomea lishe kwa jasho la wazazi wao, na hawana kazi. Namjua binti mmoja wa Dandora mwenye stashahada na leseni ambaye alikuwa akiuza vifuniko vya simu. Anajua bei ya omena ya kupima kwa kikombe, na anajua mafuta ya kupikia yanavyouzwa kwa vipimo vya kadogo. Maarifa hayo hayafundishwi darasani.

Baada ya mkasa wa yule mama, nilimwomba binti huyu awe akiketi na wagonjwa wangu kila Jumamosi. Ninamlipa, ingawa si kiasi anachostahili. Siku ya kwanza nilidhani ataanza kwa kumpima mama uzani. Badala yake alimuuliza, "Mama, nyumbani mnakula wangapi, na kwa siku unatoa pesa ngapi za chakula?" Kisha akauliza, "Unapikia nini, makaa, gesi au mafuta ya taa?" Kwa zaidi ya miaka kumi ya udaktari, sikuwahi kumuuliza mgonjwa maswali hayo.

HESABU YA MTU MMOJA

Hili la kumpangia mkazi wa Eastlands chakula bila kumuuliza halikuanza na karatasi yangu. Nyumba nyingi za zamani huku zilijengwa enzi za ukoloni kwa hesabu ya mwanamume mmoja na kitanda chake. Mshahara nao ulikadiriwa vivyo hivyo: posho ya kumshibisha mfanyakazi mmoja, kana kwamba hana mke wala mtoto. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza kuwa mshahara wa Mwafrika wa mjini ukadiriwe kwa mahitaji ya jamaa yake.

Tena nchi hii si ngeni katika sayansi ya lishe. Mwaka 1931 Mskoti John Boyd Orr na daktari John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu hapa Kenya, walichapisha utafiti uliolinganisha vyakula na afya za Wamaasai na Wakikuyu. Miaka mitano baadaye Orr aliugeukia umma wa Uingereza kwao. Mwaka 1936 alionyesha kwamba Waingereza wengi walikosa lishe bora kwa sababu mapato yao hayakutosha, na kadiri mapato yalivyoshuka ndivyo mlo ulivyopungukiwa. Baadaye Orr akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukweli huo una umri wa miaka zaidi ya themanini, na bado mgonjwa akishindwa kununua, tunaandika kwamba ni mkaidi.

Wapo wenzangu watakaosema kuwa sayansi haibagui, na kwamba sukari mwilini mwa tajiri ni ile ile ya maskini. Nakubaliana nao. Lakini daktari hamwandikii mgonjwa dawa ambayo haipatikani kisha akamlaumu kwa kutopona. Chakula nacho ni dawa ya mwenye kisukari, na dawa isiyonunulika haitibu.

MLO UNAOPATIKANA MTAANI

Habari njema ni kwamba kibanda cha mtaani kina karibu kila kitu anachohitaji mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa lishe bora mwaka 2017, na mwaka 2018 Kenya ikachapisha majedwali mapya ya virutubisho vilivyomo katika vyakula vyetu wenyewe. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mboga za kienyeji kama managu, terere na kunde, ambazo zamani zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini. Kwa hivyo hakuna sababu ya kumtuma mgonjwa akatafute matufaha.

Hii ndiyo karatasi mpya ambayo binti wa Dandora aliiandika kwa Kiswahili pamoja na yule mama:

Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga za majani, robo iwe ugali, wali au viazi, na robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, omena, yai au nyama kidogo.

Ugali hukukatazwa. Kula kiasi cha ngumi yako, si mlima. Ukipata unga uliosagwa bila kukobolewa, au uliochanganywa na wimbi au mtama, ni bora zaidi.

Githeri ni chakula kizuri, mradi maharagwe yazidi mahindi. Kama makaa ni ghali, loweka maharagwe usiku kucha ili yaive upesi, au nunua ya kupima yaliyokwisha kuchemshwa.

Nduma, mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha vinaweza kuchukua nafasi ya mkate wa asubuhi. Navyo pia vina kipimo, usile vipande vingi.

Punguza chumvi na mafuta. Osha mboga vizuri kabla ya kuzikata, na usizichemshe mpaka zigeuke rangi.

Matunda ni yale ya msimu: pera, chungwa moja au kipande cha papai. Tunda lile, usilikamue.

Soda, maandazi, chipsi na chai yenye sukari nyingi ndivyo vya kuepuka.

Wagonjwa wa figo wasiufuate mlo huu kabla ya kumwona daktari, kwa maana maharagwe na mboga nyingi huenda zisiwafae. Na ndugu zetu Waislamu wa Pumwani na Eastleigh wanaotumia dawa za kisukari wafike hospitalini kabla ya Ramadhani, ili dawa zipangwe upya au washauriwe kama kufunga kutawadhuru.

SUKARI IKISHUKA

Jambo hili lishike sana. Ukimeza dawa ya kushusha sukari kama glibenklamidi, au ukijidunga insulini ya wakati wa mlo, ni lazima ule. Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji unywe, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda unayokatazwa siku nyingine, siku hiyo ni dawa. Baada ya dakika 15, kama bado hujapata nafuu, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula. Mgonjwa akizirai usimtie kitu chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini.

HAKI YAKO

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya na haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haki hizo mbili hukutana pale unapoandikiwa mlo.

Tangu mwaka 2023 watoto wa shule za umma za Nairobi wamekuwa wakipata chakula cha mchana kwa shilingi 5 chini ya mpango wa Dishi na Kaunti. Mwaka huo huo wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima sukari na shinikizo la damu nyumbani. Hizo ni hatua za kusifiwa. Sasa kaunti iajiri wataalamu wa lishe katika vituo vya afya kwa ajili ya watu wazima pia, na iwaanze vijana wa mitaa hii walio na leseni na hawana kazi. Mhudumu akikupima nyumbani akakuta sukari iko juu, pawe na mtu wa kukuelekeza ule nini kwa pesa ulizo nazo.

Nawe msomaji, usiondoke chumbani kwa daktari na karatasi usiyoielewa. Uliza kwa upole: Chakula hiki kinauzwa wapi? Nikikikosa, nile nini badala yake? Je, dawa hii naweza kuimeza bila kula? Daktari akikuharakisha, uliza tena. Mimi mwenyewe nilihitaji kuulizwa.

Yule mama amerudi kwenye kibanda chake. Wiki iliyopita kipimo chake cha asubuhi kilisoma 7.2, na tulimbadilishia dawa. Ile karatasi ya zamani aliirudisha, nami nimeibandika ukutani mbele ya meza yangu.