Kikapu cha Mama na Taka za Kiwanda

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Wapo walionung'unika kuwa uhuru wao umeingiliwa. Sisi tuliiunga mkono, kwani kifiqhi mtu ana uhuru wa kuitumia mali yake maadamu hamdhuru mwenziwe, na mfuko utupwao mtaroni leo, kesho humo nyavuni mwa mvuvi.

Lakini lipo linalotutatiza. Marufuku hiyo haikugusa vifungashio vya viwandani. Mama aendaye dukani na kikapu chake cha ukili hurudi nacho kimejaa plastiki: biskuti, sabuni ya unga, bizari, kila kimoja na nailoni yake ing'aayo. Je, hapo yeye amechagua nini? Mwenye shilingi 20 hununua pakiti ndogo kwa kuwa ndiyo aiwezayo. Faida humwendea mwenye kiwanda; taka hubaki uani kwetu, nasi ndio tuhimizwao usafi. (Na kuzichoma jioni, kama ilivyo ada ya mitaa mingi, ni kuwavutisha watoto sumu.)

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 humtwika mzalishaji dhamana ya taka za bidhaa zake. Wagombea wajapo kuomba kura, akina mama na wawaulize: ni kampuni gani iliyokwisha kuja mtaani humu kuzichukua zake?