Ameumwa mguu, kwa nini anaulizwa mkojo?



Mtu aliyeumwa na nyoka akifika zahanati, mara nyingi muuguzi humpa kikopo na kumwambia akojoe humo. Ndugu zake hukasirika: "Mguu ndio umevimba, mkojo unahusu nini?" Swali hilo ni la haki, na leo tunalijibu.

FIGO NI NINI?

Kila mtu ana figo mbili, upande wa mgongoni, chini ya mbavu. Zina umbo la haragwe, na kila moja ni kubwa kama ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni 1. Uchafu na maji ya ziada hutoka kama mkojo, na damu iliyosafishwa hurudi mwilini. Mtu mzima mwenye afya hutoa mkojo wa lita 1 hadi 2 kwa siku.

SUMU INAFANYAJE?

Nyoka wa kuogopwa sana huku kwetu Kigoma ni kifutu, ambaye wengine humwita piri au bafe. Ni mfupi na mnene, hulala njiani au chini ya kuni, wala hakimbii ukimkaribia. Sumu yake haibaki pale alipouma. Inaweza kufika kwenye figo kwa njia tatu:

1. Uvimbe. Maji ya damu huvuja na kuingia katika nyama za mguu. Damu inayozunguka hupungua, presha hushuka, na figo hukosa damu ya kutosha.

2. Damu kuharibika. Damu hushindwa kuganda, mgonjwa akatokwa na damu kwenye fizi, puani au katika mkojo. Wakati mwingine mabonge madogo ya damu huziba mishipa iliyo ndani ya figo.

3. Nyama kufa. Nyama iliyokufa huachia rangi nyeusi-nyekundu katika damu. Rangi hiyo huziba vichujio, kama tope linavyoziba kitambaa cha kuchujia maji. Ndipo mkojo huwa kama chai ya rangi.

Jambo la hatari ni kwamba figo zinaweza kuharibika bila kuuma. Siku ya tatu uvimbe umepungua, mgonjwa anataka kutoka wodini akapokee posho. Kumbe mkojo wake unazidi kupungua. Ndiyo maana muuguzi anaupima kila siku. Ndugu, mwache mgonjwa wodini, na mtu mwingine wa nyumbani aende na kadi.

Daktari pia huweka damu kidogo katika chupa ya kioo na kuiacha dakika 20 bila kuitikisa. Isipoganda, sumu bado inafanya kazi. Mkiona anasubiri, msidhani amewasahau.

UFANYE NINI?

- Mtulize mgonjwa, vua pete na bangili, funga mguu kwa ubao usichezecheze, kisha abebwe. Asitembee.
- Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana.
- Usimpe pombe wala dawa za mizizi. Baadhi ya mizizi yenyewe huharibu figo.
- Usimnunulie sokoni aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Dawa hizo huongeza kutoka damu na kuzichosha figo. Akisikia maumivu, parasetamoli inafaa.
- Fika zahanati mapema, hata usiku. Sindano ya kupinga sumu hukamata sumu iliyo katika damu, lakini haiwezi kufufua nyama iliyokwisha kufa.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Kwa wiki mbili, mgonjwa akojoe katika kopo na kuangalia. Rudi zahanati siku hiyo hiyo ukiona mkojo ni mweusi au una damu, haufiki nusu lita mchana na usiku, uso umevimba, au mgonjwa anatapika na kukosa pumzi. Mkojo ukikatika, usimlazimishe kunywa maji mengi ukidhani utarudi. Maji yatajaa mwilini na kumbana kifua.

Figo zilizoumizwa na sumu mara nyingi hupona zikihudumiwa mapema. Zikichelewa, mgonjwa huhitaji mashine ya kusafisha damu, nayo iko katika hospitali kubwa, mbali na kambi.

Tafadhali msomee na jirani asiyejua kusoma.