Je, Kizazi Kilichofungwa Chaweza Kufunguliwa?

Somo: 1 Samweli 1:1–20



Hapa Zombe, kama kwingine Ukambani, swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, watu wakiisha kutawanyika baada ya ibada. Mama alifunga kizazi akiwa na watoto wanne. Baadaye akafiwa na mumewe, akaolewa tena, na mume wa sasa ataka mtoto atakayeitwa jina la baba yake. Au kifo kimeingia nyumbani, na watoto wamepungua. Afanyeje?

Jibu ni hili: mara nyingine kizazi chaweza kufunguliwa, lakini si kwa kila mama.

Mungu amempa mwanamke mirija miwili myembamba, kila mmoja wa sentimita 10 hivi, ambamo yai hukutana na mbegu ya mume. Kufunga kizazi ni kuziba njia hiyo. Mirija hukatwa na kufungwa kwa uzi, au huchomwa, au hubanwa kwa pete au kibanio kidogo. Katika kufungua, daktari huondoa sehemu iliyoharibika, akaziunga ncha mbili kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akitazama kwa darubini. Ufundi huu ulistawi miaka ya 1970 kwa kazi ya madaktari kama Victor Gomel wa Kanada na Robert Winston wa Uingereza. Hakuna mizizi, wala maji ya kuuzwa kwa jina la maombi, yawezayo kuunga mrija uliokatwa.

Kabla ya kupasuliwa, mambo matatu yatazamwe. Kwanza ni umri: mama wa chini ya miaka 35 ana tumaini kubwa, akipita 40 tumaini hupungua sana, kwa maana mayai nayo huzeeka. Pili, alifungwa kwa njia gani? Mrija uliobanwa huungika vizuri kuliko uliochomwa, na ukibaki chini ya sentimita 4 kazi ni ngumu. Tatu, mume apimwe mbegu zake. Si haki mke alazwe mezani, na mume aone haya kupimwa.

Tena kuna hatari. Baada ya kufunguliwa, mimba yaweza kutunga ndani ya mrija. Mama akikosa damu ya mwezi, aende kupimwa mapema. Akiumwa tumbo upande mmoja, akiona kizunguzungu au akitokwa damu, asingoje kupambazuke, kwa kuwa jambo hili huua, na kutoka Zombe hadi Kitui mjini si karibu.

Iko njia nyingine, ya kuunganisha yai na mbegu nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na hapa Kenya watoto wa namna hiyo walizaliwa mwaka 2006. Lakini gharama yake ni kubwa. Basi mtu asiuze ng'ombe kabla ya kusikia neno la daktari bingwa wa wanawake.

Nanyi mnaofikiri kufunga, hesabuni kuwa ni kwa maisha yote. Msikubali kwa haraka wala kwa kushurutishwa. Mwaka 2022 na 2023 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba haki za wanawake wenye virusi vya Ukimwi, waliofungwa kizazi pasipo ridhaa ya kweli, zilivunjwa. Mwili ni wa mama. Aelezwe, aelewe, ndipo aseme ndiyo au la.

Sasa mtazameni Hana. Elkana alimpenda, akampa fungu lake mezani, wakati Samweli hajazaliwa bado. Aliyemliza ni Penina, kwa maneno yake. Je, katika kanisa letu sisi ni Elkana au ni Penina? Mama akifunguliwa akazaa, tumshukuru Mungu pamoja naye. Asipozaa, mume asimfukuze, mama mkwe asimsute, nasi tusimnong'one. Kiti chake mezani pa Bwana hakikutolewa kwa sababu ya uzazi wake, wala hakitaondolewa kwa kuukosa.

Bwana azitazame nyumba zetu kwa rehema. Amina.