Mti wa Kusitiri Ua

Zamani Mbagala, Tegeta na Bunju zilikuwa sehemu za mashamba. Palikuwa na minazi, mikorosho na miembe. Nyumba zilikuwa chache, tena zilikuwa mbalimbali. Leo mashamba mengi yamekatwa viwanja. Nyumba zimesongamana, na nyingine ni za ghorofa.

Kwa hiyo watu wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam wana shida moja. Mama anapika uani. Mtoto anaogeshwa. Mgonjwa amelala mkekani, anapunga upepo. Wakiinua macho, wanamwona mtu dirishani juu. Huenda jirani huyo hana nia mbaya. Lakini kila mtu anahitaji mahali pa kujisitiri.

Ua wa makuti husitiri, lakini huoza upesi. Tena hauzuii macho ya mtu aliye ghorofani. Ukuta mrefu una gharama kubwa, na huzuia upepo. Mti husitiri, hutoa kivuli, na upepo hupita. Lakini mti ukichaguliwa vibaya huleta hasara na ugomvi.

Pima kwanza

Watu wengi hufikiri kuwa ni lazima wapande mti mrefu kama nyumba ya jirani. Sivyo. Keti pale unapokaa kila siku. Mwambie mwenzako asimamishe ufito mrefu kati yako na dirisha. Ncha ya ufito ikifika mbele ya ukingo wa juu wa dirisha, pima urefu kutoka chini hadi kwenye ncha. Huo ndio urefu wa mti unaotakiwa mahali hapo.

Tuchukue mfano. Ukikaa, macho yako yako mita 1 kutoka chini. Ukingo wa juu wa dirisha uko mita 5 kutoka chini. Kutoka kwako hadi dirishani ni mita 12.

Mti ukiwa mita 9 kutoka kwako, utahitaji urefu wa mita 4.
Ukiwa mita 6, utahitaji urefu wa mita 3.
Ukiwa mita 3, mita 2 zinatosha.

Umeona? Mti ukiwa karibu nawe, hata mfupi unatosha. Mlimau, mchungwa, mpera au mstafeli unaweza kufanya kazi hiyo. Nawe utapata matunda.

Miti ya mpakani

Ukitaka kusitiri ua mzima, itabidi upande miti kwa mstari karibu na mpaka. Ijue miti hii kabla hujanunua miche.

Mwashoki ni mti mwembamba, ulionyooka. Matawi yake huinama chini, na majani yake hubaki ya kijani mwaka mzima. Hauchukui nafasi kubwa. Ndiyo maana watu wengi wa Dar es Salaam huupanda kando ya kuta. Asili yake ni India na Sri Lanka. Ubaya wake ni kwamba popo hupenda matunda yake.

Mwarobaini hukua upesi na huvumilia ukame. Lakini matawi yake hutanda, na mizizi yake huenda mbali. Unafaa uwanja mkubwa. Usiupande karibu na nyumba.

Mkaritusi hurefuka sana na hunywa maji mengi. Haufai katika kiwanja kidogo.

Mnyaa huota kwa urahisi ukichomeka kijiti tu. Lakini utomvu wake mweupe huunguza macho. Nyumba yenye watoto wadogo isipande minyaa. Utomvu ukiingia machoni, osha kwa maji safi mengi, kisha nenda hospitali upesi.

Angalia chini na juu

Mizizi hufuata maji. Ikikuta ufa katika shimo la choo au bomba, huingia na kuupanua. Kwa hiyo usipande mti karibu na shimo la choo, bomba la maji au msingi wa nyumba. Kisha tazama juu. Usipande mti mrefu chini ya nyaya za umeme.

Namna ya kupanda

Panda mwanzo wa masika, mwezi wa Machi au Aprili. Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 60. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Ondoa mfuko wa plastiki, kisha panda mche bila kuvunja udongo wake. Mwagilia jioni wakati wa kiangazi, hasa kama udongo wako ni wa mchanga.

Zungumza na jirani

Majani yataanguka kwake. Kivuli pia kitaangukia kwake. Basi piga hodi kabla ya kuchimba. Sema, "Jirani, nataka kupanda miti upande huu. Tuonyeshane mpaka, na tukubaliane nani atapogoa matawi." Mkishindwa kuelewana juu ya mpaka, mwoneni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Afadhali kuzungumza leo, mche ukiwa mkononi, kuliko kugombana baada ya miaka kumi, ukuta ukiwa umepasuka.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mti mfupi ulio karibu unaweza kusitiri kuliko mti mrefu ulio mbali?
2. Ni miti gani isiyofaa karibu na shimo la choo? Kwa nini?
3. Nyumbani kwako, macho ya watu hutoka upande gani? Pima kwa ufito, kisha waeleze wenzako darasani.