Muuguzi naye huvuka Nimule

KATOR, JUBA – Mwenye mzigo wa nyanya au mayai kutoka Elegu anaifahamu njia hii: kilomita 192 za lami kutoka Nimule hadi Juba, zilizofunguliwa mwaka 2012, kisha soko la Konyo Konyo. Asichokitazama sana ni abiria wa kiti cha nyuma mwenye begi moja na bahasha ya vyeti. Huyo ni muuguzi au mkunga wa Uganda au Kenya, anakuja kutafuta kazi kwenye zahanati za mji huu.

Mama mmoja wa Gulu anayeuza vitenge sokoni hapa ana binti wa namna hiyo. Binti ana stashahada ya uuguzi na anafanya kazi za zamu katika zahanati moja ya Kator, si mbali na Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa. Wakala kampata kwa simu: kazi ipo Uingereza, mdhamini yuko tayari, ila atangulize dola 3,000. Mama akaanza kutafuta mtu wa kumwuzia banda.

Kabla hajaliuza, inafaa kukumbuka kuwa Juba yenyewe iliwahi kuajiri wauguzi wa kigeni kwa utaratibu ulioeleweka. Baada ya uhuru wa 2011, kupitia mpango wa IGAD, Kenya, Uganda na Ethiopia zilileta watumishi wapatao 200, wakiwamo wa afya. Serikali zao ziliendelea kuwalipa mishahara, Norway ikatoa posho, na kila mmoja alipangiwa wenzake wa Sudan Kusini wa kuwaachia ujuzi. Gharama zilibebwa na serikali hizo na Norway. Kisha vita vya Desemba 2013 vikavuruga mengi.

Waliokuja kwa njia zao wenyewe hawakuwa na kinga hiyo. Septemba 2014 ilitoka amri kwamba nafasi za wageni wapewe wazawa, na haikuchukua muda ikarudishwa nyuma. Mwaka 2017 ikatangazwa ada ya kibali cha kazi ya dola 10,000 kwa mtaalamu, nayo ikasitishwa muda mfupi baadaye. Mfanyabiashara aliyewahi kupandishiwa ushuru akiwa tayari yuko foleni ataelewa. Nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Itifaki ya Soko la Pamoja inampa mfanyakazi haki ya kuvuka mpaka, lakini kwenye dirisha la vibali haki hiyo bado ina bei.

Turudi kwa wakala. Uingereza inafuata mwongozo unaotokana na kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010, na ina orodha ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya ambako waajiri wake na mawakala wao hawaruhusiwi kwenda kutafuta watu. Sudan Kusini imo. Uganda imo pia. Muuguzi wa nchi hizo anaweza kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja kwa hospitali, hakuna anayemzuia. Ila wakala anayepita Kampala au Juba akikusanya majina kwa ajili ya hospitali za Uingereza anakwenda kinyume cha mwongozo huo. Kenya ina njia yake, kwa sababu ilitia saini makubaliano na London Julai 2021, na kundi la kwanza la wauguzi likaondoka mwaka uliofuata.

La pili ni pesa. Cheti cha udhamini hutolewa na mwajiri mwenye leseni, na majina ya waajiri hao yamo kwenye orodha ya wazi ya serikali ya Uingereza, ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Hakiuzwi. Kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi ni kosa kwa sheria ya huko. Muuguzi ana gharama zake halali: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa taaluma, usajili kwenye baraza la wauguzi. Hizo hulipwa mahali panapotoa risiti, na hospitali nyingi hurudisha sehemu yake.

La tatu ndilo linalowaumiza wengi. Cheti kingine hakisemi muuguzi, kinasema mtunza wazee. Ni kazi tofauti, yenye mshahara tofauti, na tangu Machi 2024 aliyeingia kwa kazi hiyo hakuruhusiwa kuja na mume au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga kabisa mlango wa kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje. Anayeuza nafasi hiyo leo hana bidhaa ghalani.

Kwa nchi za Ghuba utaratibu ni mwingine. Wakala wa Uganda anatakiwa kuwa na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Wa Kenya awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Namba ya leseni huombwa kabla ya bei, kama unavyouliza uzito wa gunia kabla ya kulifungua.

Binti alimwandikia wakala akiomba mambo mawili tu: jina la hospitali, na neno lililoandikwa penye sehemu ya kazi. Siku ya kwanza alijibiwa kwamba mwajiri hapendi usumbufu. Siku ya pili dola 3,000 zikashuka hadi 1,800. Siku ya tatu simu haikupokelewa.

Nilipopita Konyo Konyo mara ya mwisho, mama alikuwa akipanga vitenge kwenye banda lilelile. Binti alikuwa zamu ya usiku, na fomu ya mtihani wa Kiingereza alikuwa ameijaza mwenyewe.