Ng'ambo ya Kagera

Rusumo ndiko gari linakohama upande. Sisi Watanzania tunaendesha kushoto, Wanyarwanda kulia, na dereva wetu alivuka daraja kimya, akajipanga upande wa pili kana kwamba ndivyo alivyozoea tangu utotoni. Chini yetu mto Kagera ulikuwa unaporomoka kwenye miamba kwa kishindo, maji yake ya rangi ya udongo. Siku hizi maji hayo yanazungusha mitambo ya megawati 80, umeme ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana.

Mtu wa Ngara, upande wetu wa mpaka, mwenye umri wa kukumbuka hawezi kuyatazama maji hayo hivi hivi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka hapa ndani ya siku moja na kupiga kambi Benaco. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokuwa wakilikimbia jeshi la waasi wa RPF, na wauaji walikuwa wamejichanganya nao. Wakati huohuo, chini ya daraja, mto ulikuwa unapitisha maiti za Watutsi kuelekea Ziwa Victoria. Waganda walizipokea ufukweni na kuzizika kwa maelfu. Makaburi hayo yangalipo Kasensero.

Kutoka mpakani hadi Kigali barabara inapanda na kushuka vilima bila kuchoka. Migomba imebana kila mteremko, wanaume wanasukuma baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi, na kando ya lami huoni hata karatasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku tangu 2008, miaka kumi na mmoja kabla yetu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda: maduka yanafungwa asubuhi, watu wanatoka na majembe kuzibua mitaro na kupanda miti, kisha wanakaa kikao. Wageni wengi hurudi nyumbani wakiusifu usafi huo, nami nausifu. Lakini ukiishia hapo, hujaiona Rwanda.

Nilikwenda Nyamata, wilayani Bugesera, mwendo wa saa moja hivi kusini mwa Kigali. Kanisa la matofali, dogo kuliko nilivyodhani. Mwaka ule wa 1994 Watutsi waliingia humo wakiamini hakuna atakayethubutu kuua mbele ya altare, maana miaka ya nyuma kanisa lilikuwa limewahi kuwanusuru. Safari hii mlango ulivunjwa kwa mabomu ya mkono. Ukiinua macho utaona bati limetoboka matundu madogo madogo, na jua linapenya humo na kuangukia mabenchi yaliyorundikwa nguo za waliokufa: sweta za watoto, kanga, suruali zilizogeuka rangi ya vumbi. Niliona kanga moja ambayo ingeweza kuwa ya mama yangu. Nikatoka nje, na sikurudi ndani.

Baada ya miezi ile mitatu ya mauaji nchi ilikuwa na wafungwa zaidi ya laki moja, na mahakimu wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa kwetu Arusha ilishtaki watu 93, wakubwa waliopanga na kuamuru. Wengi wa waliobaki walirudishwa kwa majirani zao. Gacaca, baraza la kale la kukaa nyasini, lilipewa kesi za mauaji ya kimbari. Hadi lilipofungwa mwaka 2012 lilikuwa limesikiliza karibu milioni mbili. Aliyekiri na kuonyesha alikotupa maiti alipunguziwa adhabu. Wapo wanaosema haki haikutimia, kwamba wengine walikiri nusu, na kwamba visa vya kisasi vilivyofanywa na upande wa washindi, RPF, havikuguswa. Naona wana hoja. Hata hivyo sijui nchi nyingine iliyothubutu kumkalisha mjane uso kwa uso na aliyemuua mumewe, kijiji kizima kikisikiliza.

Kitambulisho hakitaji tena Mhutu wala Mtutsi, na kuulizana kabila ni jambo zito. Niliona watu wakishusha sauti mazungumzo yalipokaribia siasa. Kimya hicho kina heshima ndani yake, na kina hofu pia. Mgeni hawezi kuvitenganisha.

Huko huko Bugesera kuna kijiji ambamo manusura na waliotumikia vifungo walijengewa nyumba ubavu kwa ubavu, mabati yaleyale, mlango ukiangalia mlango. Nilifika jioni, mawingu yakishuka. Mama mmoja alikuwa anakimbilia maharage yake aliyoyaanika uani. Alipomaliza kuyakusanya, akapiga ukelele kwa jirani. Hakuna aliyejibu. Akavuka ua, akainama kwenye mkeka wa watu wengine, akaanza kuyazoa maharage yao kwa mikono miwili, matone ya kwanza yakimwangukia mgongoni.